Nimekuja Kumrudisha Mwanenu

Naandika nikiwa na hasira. Wanaosema ningoje zipoe kwanza, waandike ya kwao.

Mtu ninayetaka kumweleza, sisi Newala tulimwita Bwana Shamba, kwa sababu ndiyo kazi iliyomleta na ndiyo aliyostaafia. Jina lake limo kwenye makaratasi ya halmashauri, mimi silihitaji. Alikozaliwa sikuwahi kumwuliza, na hata angeanza kunisimulia ningemkatiza tuongee mpira. Kwa miaka mingi yeye ndiye alikuwa mtu wa usajili wa timu yetu. Makocha walikuja wakaenda, wenyeviti waligombana wakapatana, lakini ligi ikiisha, nani anabaki na nani anaondoka lilikuwa neno la Bwana Shamba. Ilisemekana kuna kamati nzima. Mimi sikuwahi kumwona mjumbe wa pili.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko karibu na stendi. Namba za jezi za timu zinapita kwenye mashine yangu. Namba nne ndiyo niliyoishona mara nyingi kuliko zote, kwa sababu inavaliwa na mdogo wangu Issa, beki wa kati, nahodha. Basi msiniambie kwamba nina upendeleo. Najua ninao.

Ili hasira yangu ieleweke lazima nieleze desturi, na desturi yenyewe aliianzisha yeye. Kijana akisajiliwa, mama yake, au aliyemlea, alimpeleka mwenyewe uwanjani, akasema, "Nimekuletea mwanangu." Bwana Shamba akajibu, "Nimempokea." Basi, usajili umekamilika, hata kama karatasi za chama cha mpira zitajazwa baada ya mwezi. Na kijana akiachwa, Bwana Shamba alikwenda kwao kwa pikipiki, asubuhi, jezi ya kijana imefuliwa na kufungwa kwenye gazeti. Alisalimia, akakaa, akala alichokuta, muhogo au uji, kisha akasimama na kutamka maneno yaleyale kila nyumba: "Nimekuja kumrudisha mwanenu." Watu wa nyumbani wakajibu, "Tumempokea." Jezi ikapokewa kwa mikono miwili. Walikuwepo walionong'ona kwamba ameiba mambo ya jandoni, watoto wanavyotolewa porini na kurudishwa kwa mama zao. Alipoulizwa alisema, "Nimeazima. Nikimaliza nitarudisha."

Kwa hiyo kila mwezi wa sita, ukungu umeshika, baridi ya Newala inauma mifupa, sisi wenye wachezaji nyumbani tulikuwa na ugonjwa mmoja: kusikiliza pikipiki. Ilikuwa pikipiki ya zamani ya idara ya kilimo, inakohoa. Ikikaribia, wanawake walitoka na mafagio mkononi wakijifanya wanafagia, kumbe wanatazama kikalio cha nyuma kama kuna gazeti. Ikipita, ulisikia nyumba nzima inashusha pumzi. "Kapita! Kapita kwetu!" Ikisimama, mtu aliingia ndani kupasha uji.

Mwaka jana mama mmoja wa Mkunya aliamua kuwa mjanja. Alisikia mwanawe hatabaki, akafunga nyumba kwa kufuli, akachukua familia nzima wakaenda kwa ndugu zao Chiwata, karibu wiki mbili. Bwana Shamba alikwenda mara tatu akakuta kufuli. Ligi ilipokaribia kuanza, kijana akaja mazoezini na mama yake nyuma, mama amefunga kanga kiunoni. "Hajarudishwa," mama akasema. Kocha akacheka. Bwana Shamba hakucheka. Alifikiri kidogo, akamwambia kocha, "Kweli, hajarudishwa. Mpe jezi." Yule kijana alicheza msimu mzima, na alikuwa mbovu kweli, mipira yote ilimpita. Kila alipokosea, jukwaa zima lilimgeukia Bwana Shamba, naye alikaa pale anatafuna korosho kama mtu aliyeshiba. Sheria ilikuwa sheria. Ambaye hajarudishwa, hajaachwa.

Mwaka wake wa kwanza kwenye usajili, mwanawe wa kumzaa alikuwemo kikosini, winga, mbio anazo na mguu hana. Watu walingoja waone. Bwana Shamba aliamka, akaifunga jezi ya mwanawe kwenye gazeti, akawasha pikipiki, akazunguka mpaka sokoni, akarudi kwake, akagonga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mkewe akafungua. Akaamkiana naye kama mgeni, akakaa, akala kiporo, akasimama. "Nimekuja kumrudisha mwanenu." Mkewe, ambaye ni Mmakonde wa Tandahimba na mdomo anao, akajibu, "Tumempokea. Na wewe tukupokee, au unaendelea na safari?" Hadithi hiyo ilizunguka uwanda mzima kabla ya adhuhuri. Toka siku hiyo hakuna mzazi aliyeweza kumwambia kitu.

Namna yake ya kuchagua wachezaji iliwatia makocha wazimu. Hakupenda kumtazama kijana uwanjani. Alimfuata shambani, msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, alfajiri, kabla upepo haujaamka. Alitaka kuona kijana anabebaje mashine ya kupulizia mgongoni, akifika mkorosho wa mwisho anatembeaje, na kama anaruka miti iliyo mbali akidhani hakuna anayemwona. "Uwanjani kila mtu anajua anatazamwa," alikuwa akisema. Issa alimpata hivyo, katika shamba la marehemu baba yetu. Sisi tulidhani amekuja kukagua ugonjwa wa mikorosho. Alisimama kando, salfa inamwingia machoni, akamwangalia Issa mpaka shamba likaisha, akaondoka. Jioni akaja kumwambia mama ampeleke mtoto uwanjani.

Sasa msidhani nasimulia malaika. Alikuwa na ubishi wa kuchosha. Alinunua tiketi kila mechi ingawa ni kiongozi, halafu akigombana na mwamuzi alidai heshima ya mtu aliyelipa. Penalti hakuziangalia hata siku moja. Aligeuka, akatazama watu, na akasema anajua matokeo kwa sura zetu. Alitufundisha kwenye mikutano ya wakulima kwamba mkorosho mzee using'olewe, ukatwe tu na kubebeshwa tawi jipya, shina lile lile. Lakini timu ikifungwa mechi mbili alikuwa wa kwanza kusema beki nzima iondoke. Mkulima aliyemkumbusha somo lake aliambiwa, "Mkorosho haukosei mtego wa kuotea." Na kwa mtu mkali namna ile, alikuwa mwoga wa mama yangu. Mama ni mwanamke wa maneno machache. Aliwahi kumwuliza mbele za watu, timu imefungwa na Masasi, "Bwana Shamba, hawa ndio uliowaona wewe kwa macho?" Kwa mwezi mzima hakupita mtaani kwetu.

Mwaka huu wakaja wenye mradi.

Ligi ilipoisha tuko nafasi ya katikati, akapatikana mfadhili, mfanyabiashara kutoka nje ya mkoa, akasema timu ijengwe upya ipande daraja. Sikatai. Shabiki gani hataki kupanda? Nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba ushambuliaji wetu ni wa kukatisha tamaa na kipa akikohoa tunafungwa. Lakini kujenga upya si kubomoa mpaka msingi! Walileta kipa ambaye siku ya pili alilalamika kwamba maji ya kuoga ni ndoo moja. Karibu Newala, bwana mkubwa, bibi yangu aliyapandisha maji haya mlimani kichwani. Walileta mshambuliaji anayekuja mazoezini na mpiga picha wake. Anakimbia anapotazamwa, akiona kamera imeshushwa anatembea. Nilimkumbuka Bwana Shamba na mkorosho wa mwisho, nikajiuliza mzee yule yuko wapi, mbona haya yanapita mbele yake.

Kumbe alikuwepo. Walioachwa walikuwa kumi na wanne, na orodha ilikuwa na sahihi yake. Haikupita pikipiki. Haikufika nyumba hata moja. Ilitumwa kwenye kundi la mashabiki kwenye simu, picha moja moja, kila mchezaji ametiwa rangi ya kijivu, chini pameandikwa: "Asante kwa kila kitu. Daima tutakukumbuka." Ya Issa ilikuwa ya tatu. Nilikuwa nashona sare ya shule. Sindano ilinipita kidoleni.

Shangazi yetu wa Tandahimba hajui kusoma, lakini anajua picha. Mjukuu alimwonyesha simu, akaona sura ya Issa ya kijivu, akaangua kilio. Alipanda gari, akashuka stendi ya Newala amejifunika kanga, analia kwa sauti, na kwa kuwa anajulikana, watu wakamfuata. Wakaja nyumbani kundi zima, wengine wameshakata majani ya msiba ya kuweka njiani. Issa alikuwa amekaa uani anakata kucha. Shangazi alipomwona hai alimpiga makofi mawili kwanza, ndipo akamkumbatia. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka, na Issa hakucheka. Walimtangaza kama maiti, baada ya misimu kumi na moja, na hakuna aliyekuja kumwambia mama yake.

Na hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu mama alikataa.

"Nani kasema kaachwa?"

"Imeandikwa, mama. Kwenye simu."

"Simu ilikuja hapa ikala uji? Bwana Shamba hajaja. Hajarudishwa huyu."

Kesho yake asubuhi akafua bukta ya mazoezi ya Issa kwa maji ya kununua, akaianika, ilipokauka alasiri akampa. "Nenda. Utachelewa." Na Issa, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumbishia mama, akaivaa akaenda. Mlinzi alikuwa na orodha mpya, hakumfungulia. Issa akasimama nje ya ukuta mpaka mazoezi yakaisha, akarudi. Keshokutwa tena. Na wiki iliyofuata. Wachezaji wapya wanapita na viatu vya rangi rangi, hawamjui, mmoja akadhani ni muuza maji. Mtu wa miaka thelathini na mbili, aliyekuwa akitoka nje ya uwanja ule amebebwa mabegani.

Mwezi wa sita ukaisha, wa saba ukaisha. Nilimwambia Issa aende shamba, wakati wa kupulizia ndio huu. "Mama anasema bado mimi ni mchezaji," alinijibu, "na mchezaji alasiri yuko uwanjani." Asubuhi je? Asubuhi alilala akitazama bati. Chama cha msingi cha wakulima walimtaka asimamie vijana wa ghala, hakwenda. Alikuwa amekwama. Aliyemchukua hakumrudisha, na aliyemtoa hataki kumpokea kwa njia nyingine. Nilimlaani Bwana Shamba kila nilipokanyaga cherehani.

Mwezi wa nane kamati mpya ikatangazwa na jina lake halimo. Naye alijua kupitia simu. Nilifurahi, sifichi. Niliambiwa amehamia Masasi kwa binti yake.

Nilimfuata. Nilishuka mlima kwenda Masasi asubuhi nimejipanga, maneno nimeyakariri kama shairi la darasa la nne, na azma yangu ya kwanza ilikuwa kutomwamkia. Nilimkuta nje ya nyumba ya binti yake, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anajaza udongo kwenye mifuko ya miche ya mikorosho. Amekonda. Aliinua uso, na mdomo wangu ukanisaliti.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, Somoe. Mama hajambo?"

Hapo hasira zilinipanda. "Unamwulizia mama? Wewe? Uligonga mlango wako mwenyewe na jezi ya mwanao, kwetu ukashindwa kuja?"

Alipangusa mikono, akaingia ndani, akatoka na furushi la gazeti. Gazeti limeshaanza kugeuka njano. Alifungua ncha nikaona kitambaa na uzi wangu mweupe, namba nne.

"Niliifunga wiki ile ile ligi ilipoisha," alisema. "Walinipa orodha nisaini, nikasaini. Wengine mle nilikubali waondoke, wengine sikukubali, nikasaini wote. Nikasema nitawarudisha kama kawaida, nianze na Issa, maana yeye ndiye mgumu. Nikafika mpaka kwenye mashine ya kusaga, pale kona ya kwenu. Mama yako alikuwa anaanika bukta ya Issa. Nikageuza pikipiki."

"Na wale kumi na tatu?"

"Ningewarudisha wao nikamwacha mmoja, mji mzima ungesema Issa hajaachwa. Ndiyo sheria yangu. Basi nikawaambia wale vijana wa ofisini, tumeni kwenye simu."

Nilidhani nitasikia sababu. Nilidhani kuna mfadhili aliyemtishia, au ugonjwa, au kitu. Kumbe ni woga tu! Kumi na wanne wametangazwa kama maiti, shangazi yangu amelia stendi nzima, kwa sababu mzee mmoja alimwogopa mama anayeanika bukta. Nilimwambia hayo yote, na mengine ambayo siwezi kuyaandika. Binti yake alitoka, akanitazama, akarudi ndani. Bwana Shamba aliinama, anasukuma udongo kwenye mfuko kwa kidole gumba. Alikuwa tayari kutukanwa mpaka jioni, niliona.

Nikachoka. Nikasema tu, kwa sauti ya kawaida, "Issa hajaenda shamba mwaka huu. Mikorosho ya baba haijapuliziwa hata mara moja. Imeingia ule ugonjwa wa ubwiri unga, maua yote yamekuwa meusi."

Kidole kikasimama. "Hata mara moja?"

"Hata moja."

Alisimama, akaomba kofia yake. Matusi yote yale hayakumwinua, mikorosho ndiyo iliyomwinua. Hata hilo lilinikasirisha.

Tulipanda gari moja mpaka Newala. Ilikuwa alasiri. Mama alikuwa barazani anapukuchua mbaazi, na Issa yuko chumbani anavaa bukta. Bwana Shamba alisalimia. Mama akaitikia bila kuinua macho, akamsogezea kigoda kwa mguu. Nilileta muhogo wa kuchemsha, akala vipande viwili, kwa shida. Kisha akasimama, akashika furushi kwa mikono miwili.

"Mama Somoe. Nimekuja kumrudisha mwanenu."

Mama aliendelea kupukuchua.

"Simpokei," alisema.

Sijawahi kusikia mtu akijibu hivyo. Nadhani hata yeye Bwana Shamba hakuwahi. Mikono yake ilibaki imenyooka.

"Nilikukabidhi mtoto ana miaka ishirini na moja," mama akasema. "Nilikuja na miguu yangu. Wewe unamrudisha anasimama ukutani kama ng'ombe aliyepotea, miezi mitatu, halafu unaniletea gazeti. Kamrudishe ulikomwacha."

Nilingoja jambo hili kwa miezi mitatu, Bwana Shamba asimame mbele ya mama akose pa kuweka mikono. Lilikuwa tamu, tamu kweli. Basi likaendelea kupita kiasi. Jezi imening'inia hapo katikati, hakuna wa kuichukua, na mzee hakai, kwa sababu sheria yake hairuhusu kukaa kabla hajajibiwa.

Issa akatoka. Amevaa bukta, viatu ameshika mkononi. Alitutazama wote watatu. Akaweka viatu chini, akaenda kwa Bwana Shamba, akaichukua jezi mikononi mwake. Aligeuka, akapiga magoti mbele ya ungo wa mbaazi.

"Mama," alisema, "nipokee."

Mama akaacha kupukuchua. Akaipokea jezi, kwa mikono miwili, maganda ya mbaazi yamemjaa vidoleni.

"Nimekupokea, baba."

Bwana Shamba akaketi. Aliomba maji. Nikaingia ndani, nikamchotea, nikampa kwa mkono wa kulia kama nilivyolelewa. Aliyanywa yote. Alisema kwamba bado kumi na tatu, ataanza kesho na yule wa Mkunya, na akaniuliza kama najua mtu wa kumwazima pikipiki, maana yake imekufa.

Ninamjua, ila sikumtaja. Nikachukua kikombe changu, nikaingia ndani, nikakaa kwenye cherehani yangu ya nyumbani mpaka niliposikia ameondoka.